Anayedai deni la kale sharti ataje tarehe

Yako madeni yanayolipwa, yako yanayosamehewa, na yako yanayolala usingizi miaka mingi kisha yakaamshwa na simu. Aina hii ya tatu ndiyo inayowasumbua Wakenya waliochukua kadi za mkopo walipokuwa na kipato cha kutegemewa, wakashindwa kulipa kipato hicho kilipokatika, na ambao sasa, baada ya miaka kumi au zaidi, wanapigiwa simu na mtu wasiyemjua akidai mara nne au mara tano ya fedha walizokopa.

Mtu huyo aghalabu si mfanyakazi wa benki. Ni wakala wa kukusanya madeni. Benki inapochoka kudai humkabidhi orodha ya majina, nambari za simu na kiasi kinachodaiwa, naye hulipwa sehemu ya kile atakachofaulu kukusanya. Asipokusanya hapati kitu. Ndiyo sababu sauti yake huwa kali, na ndiyo sababu hana haja ya kumweleza mdaiwa lolote ambalo laweza kumfanya asite kulipa.

Hapana shaka kwamba deni ni deni. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba kukopa ni harusi na kulipa ni matanga, na walimu wetu hawajachoka kuwafunza watoto kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nia ya makala haya si kumfundisha yeyote kukimbia ahadi aliyoitia sahihi. Lakini methali haitaji tarehe, ilhali sheria inazitaja, na katika tarehe hizo ndimo mdaiwa wa kawaida anamopotezwa.

Sheria ya ukomo wa madai, yaani Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, yasema kwamba dai linalotokana na mkataba haliwezi kupelekwa mahakamani baada ya miaka sita kupita tangu haki ya kudai ilipozaliwa. Mkopo wa kadi ni mkataba. Miaka sita ikishapita bila mdaiwa kulipa chochote wala kukiri deni, mkopeshaji hupoteza silaha yake kuu, nayo ni hukumu ya mahakama. Deni lenyewe halifutiki katika vitabu vyake, na hakuna sheria inayomkataza kuomba alipwe. Kilichobaki ni ombi tu, hata kama litatolewa kwa ukali wa amri.

Huenda msomaji akauliza iwapo ni haki mkopaji aponyokee mlango huu. Swali hilo ni zuri na darasa la uraia laweza kulijadili kipindi kizima. Jibu la watunga sheria, tangu enzi za Waingereza walioturithisha kanuni hii, ni kwamba stakabadhi hupotea, makarani waliojaza fomu hustaafu au hufa, na binadamu hawezi kutakiwa ahifadhi risiti maisha yake yote kwa kuwa tu yuko mtu huenda akamdai siku moja. Tuongeze pia kwamba benki si mjane aliyenyimwa akiba yake. Ilipewa miaka sita ya kushtaki ikiwa na mawakili wake, na sheria ya kodi ya mapato yairuhusu, kwa masharti, kuliondoa deni bovu katika faida inayotozwa kodi.

Ipo tarehe nyingine inayostahili kujulikana. Tangu Mei 1, 2007, Sheria ya Mabenki imekuwa na kifungu cha 44A, kinachoweka mpaka wa fedha ambazo benki yaweza kudai kwa mkopo uliokwama. Benki haiwezi kutoza riba inayozidi kiasi kilichokuwa kikidaiwa siku mkopo ulipoanza kuhesabiwa kuwa umekwama. Zaidi ya hapo yaweza kudai gharama halisi za kufuatilia deni, basi. Kifungu hiki kilitungwa baada ya miaka ya kilio cha wakopaji walioona mashamba na nyumba zao zikipigwa mnada kwa sababu ya riba iliyozaa riba hadi ikaumeza mkopo wenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwalimu wa shule ya msingi. Hati yake ya mshahara ilikuwa imejaa makato, na sheria ya ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara. Kadi ya mkopo ikawa mlango wa pili, kwa kuwa haikatwi mshaharani. Mara ya mwisho alilipa Machi 2014, akidaiwa Sh60,000. Mwaka huu anapigiwa simu na kuambiwa deni limefika Sh340,000, lakini kwa kuwa yeye ni mtu mwema atapunguziwa, alete Sh200,000 kabla ya Ijumaa.

Tukipima dai hilo kwa sheria, mkopo ni Sh60,000 na riba haiwezi kupita Sh60,000 nyingine. Jumla ni Sh120,000 na gharama za ufuatiliaji. Kwa hiyo hata “punguzo” analopewa lapita mpaka kwa maelfu mengi, na wakala akitaka kuyahesabu maelfu hayo kama gharama, na alete stakabadhi. Zaidi ya hayo, ikiwa hakuna kesi iliyofunguliwa, miaka sita ilitimia Machi 2020. Wakala anajua hesabu hii, au angeweza kuijua kwa kufungua faili lake. Mwalimu haijui, na hakuna aliyelazimishwa kumweleza.

Hapa twafika kwenye jambo lenye hatari kubwa kuliko matusi na vitisho vyote. Wakala mwenye uzoefu hapigi kelele muda mrefu. Baada ya kutisha hulegeza sauti: “Mwalimu, najua hali ni ngumu. Tuma hata mia tano leo, nionyeshe wakubwa wangu kwamba una nia.” Mwalimu, kwa aibu na kwa kutaka amani, hutuma Sh500 kwa simu. Kwa mujibu wa kifungu cha 23 cha sheria ile ile ya ukomo, anayelipa sehemu ya deni, au anayelikiri kwa maandishi yenye sahihi yake, huifanya haki ya kudai ihesabiwe kuwa imezaliwa siku ile ya malipo au ya kukiri. Kwa shilingi mia tano, deni lililokuwa limelala laweza kuamka likiwa na miaka sita mipya mbele yake. Sijui biashara nyingine ambayo mtu hulipa mia tano akanunua kesi ya laki moja na ushei.

Uingereza, tulikochota sheria hii, ilikwisha kuuona mtego huo ikauziba. Sheria yake ya ukomo ya 1980 yasema bayana kwamba haki ya kudai ambayo muda wake umekwisha kupita haiwezi kufufuliwa kwa kukiri wala kwa kulipa. Sheria yetu haina mstari kama huo. Uhuru tuliupata 1963, Katiba mpya 2010, Sheria ya Kulinda Wanunuzi 2012, na bado katika jambo hili tunatembea na viatu ambavyo mshonaji mwenyewe alikwisha kuvitupa.

La kushangaza ni kwamba Bunge limeonyesha linaweza kuchukua hatua likitaka. Mwaka 2021 liliibadilisha Sheria ya Benki Kuu, na kanuni zilizofuata 2022 zikawapiga marufuku wakopeshaji wa kidijitali kutumia vitisho na lugha chafu, au kupekua orodha ya simu za mkopaji ili kuwatumia jamaa zake ujumbe. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya Sh2,975,000 kwa sababu ya ujumbe wa vitisho uliotumwa kwa kutumia majina na nambari za watu bila idhini. Hatua hizo zilistahili pongezi. Hata hivyo, kanuni za 2022 zilitungwa kwa ajili ya mikopo ya simu. Madalali wa mnada wana sheria yao mahsusi tangu 1996 na bodi ya kuwapa leseni. Mkusanyaji wa deni la kadi ya benki hana sheria yake. Anayemdhibiti ni dhamiri yake, pamoja na sheria za jumla ambazo mdaiwa hana budi kuzijua mwenyewe.

Kwa hiyo na tuzitaje, angalau zile ambazo vitisho vya kila siku huzigusa. Kitisho cha kwanza ni gereza. Kushindwa kulipa deni si kosa la jinai, na polisi hawana kazi nalo. Kenya ilijiunga 1972 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao wakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza mkataba. Kifungo cha madai bado kimo katika sheria zetu, lakini huja baada ya hukumu, tena baada ya mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza na mahakama kuridhika kwamba ana uwezo wa kulipa naye anakataa au anaficha mali. Anayedai hutakiwa hata kulipia chakula cha mfungwa huyo, sharti ambalo limepoza hasira za wadai wengi.

Kitisho cha pili ni kuchukua vyombo vya nyumba. Wakala hana ruhusa ya kuvuka kizingiti cha mtu. Kwa deni la kadi, ambalo halina rehani, anayeweza kukamata mali ni dalali mwenye leseni, akiwa na hati ya mahakama, na hata yeye haruhusiwi kugusa nguo, vyungu vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, wala zana za kazi yake.

Kitisho cha tatu ndicho kinachowauma walimu zaidi, nacho ni kumpigia mwalimu mkuu au wenzake katika chumba cha walimu. Habari za deni ni habari za kibinafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haibagui kati ya mkopo wa simu na wa kadi, na malalamiko kwa ofisi ya Kamishna hayalipiwi. Anayepigiwa aandike tarehe, saa, nambari na maneno yaliyosemwa. Daftari la mazoezi latosha.

Na huyo anayepigiwa ajibu nini? Kwa maoni yangu, aulize kwa adabu mambo matatu na asiseme la zaidi: wakala anamwakilisha nani na kwa barua gani ya idhini, taarifa kamili ya akaunti iko wapi, na malipo ya mwisho yalifanywa siku gani. Aombe majibu kwa maandishi. Asiahidi, asitume kitu, wala asitie sahihi yoyote kabla ya kuyapata. Ujumbe mfupi wa simu nao waweza kuletwa mahakamani na mawakili wakabishana iwapo una uzito wa sahihi, basi afadhali usiandikwe. Aidha, kila mtu ana haki ya kupata ripoti yake bila malipo mara moja kwa mwaka kutoka kwa mashirika ya rekodi za ukopaji, yanayojulikana sana kwa jina CRB. Akigundua kwamba deni bado li ndani ya miaka sita, au kwamba hukumu ilikwisha kutolewa, basi aketi na benki yenyewe wapatane, kwa kuwa hukumu huishi miaka kumi na miwili.

Lakini si haki mzigo huu wote umwelemee mdaiwa. Bunge laweza kuutua kwa vifungu viwili vifupi. Kimoja kiseme kwamba barua ya kwanza ya kudai sharti itaje mwenye deni, mkopo wa asili, riba iliyoongezwa, siku ya malipo ya mwisho, na iwapo muda wa kushtaki umepita. Cha pili kifuate mfano wa Uingereza, ili deni lililopitwa na wakati lisifufuliwe na shilingi mia tano za mtu aliyetishwa. Mabenki yatanung’unika kwamba mikopo itapanda bei. Benki inayolifuatilia deni lake ndani ya miaka sita haipotezi hata senti moja kwa vifungu hivyo.

Hadi hapo, lipo onyo moja la mwisho kwa aliyesoma hadi huku akafurahi kwamba miaka yake sita imetimia. Hati ya kumwita mahakamani isidharauliwe hata kama deni ni la zamani kiasi gani. Kanuni za mashauri ya madai zamtaka mshtakiwa mwenyewe auinue utetezi wa ukomo katika majibu yake. Hakimu aliyeletewa dai lisilojibiwa aweza kutoa hukumu bila mtu yeyote kumtajia mwaka 2014. Katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo tangu 2021 imekuwa ikisikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, mambo huenda haraka sana, na anayeiacha hati ile mezani akingoja likizo ya shule aweza kurudi akute hukumu imekwisha kuandikwa.