Mteja Naye Ni Mwandamanaji



Kuna mtaa unaitwa Shuhada, mji wa Al-Khalil, Palestina, ule ambao kwenye habari huitwa Hebron. Zamani hapo ndipo mji mzima ulipokuja kununua. Leo Mpalestina haruhusiwi kukanyaga sehemu yake kubwa, na milango mingi ya maduka imechomelewa kwa chuma isifunguke tena.

Ilianzaje? Tarehe 25 Februari 1994, alfajiri ya Ijumaa ndani ya Ramadhani, mlowezi mwenye bunduki aliingia Msikiti wa Ibrahim akawamiminia risasi watu wakiwa kwenye swala. Akaua 29. Sasa sikiza vizuri: aliyeua ni mlowezi, walioadhibiwa ni ndugu za waliouawa. Wao ndio waliopigwa marufuku kutoka majumbani, msikiti ukagawanywa, na maduka ya Shuhada yakaanza kufungwa. Ilipokuja Intifada ya mwaka 2000, ikawa ndio basi.

Mwaka 2007 mashirika mawili ya haki ya Waisraeli wenyewe, B'Tselem na ACRI, yalihesabu biashara 1,829 zilizofungwa katikati ya mji. Angalau 440 zilifungwa kwa amri ya jeshi. Na hizo nyingine zote je? Vizuizi vya barabarani vilimchosha mteja, mteja akahamia kwingine, mwenye duka akala mtaji mpaka ukaisha.

Yaani duka linaweza kuuawa bila askari kugusa mlango. Inatosha watu waache kuja.

Ndio maana wale waliobaki soko la zamani nawaheshimu sana. Juu ya vichwa vyao kumetandazwa wavu wa waya kuzuia takataka na mawe ya walowezi wanaoishi ghorofani, na bado asubuhi wanafungua. Na yule anayekubali kupekuliwa kizuizini ili akanunue kwao kilo ya zabibu, ambayo angeipata karibu na kwake bila taabu, huyo naye ameandamana. Hakubeba bango, amebeba mfuko.

Wapo pia wanaobeba bango. Kuanzia 2010, mwezi wa Februari, wakazi wameandamana kwa amani kudai mtaa ufunguliwe, pamoja na wageni na hata Waisraeli. Jibu limekuwa gesi ya machozi.

Najua kuna mtu anacheka: zabibu na mabango vitaondoa jeshi? Peke yake, hapana. Lakini mbona jeshi linahangaika hivyo na duka? Kwenye Intifada ya kwanza, 1988, wenye maduka walifunga kwa mgomo, askari wakaja kuvunja makufuli wafungue kwa nguvu. Al-Khalil wanataka kufungua, askari wanachomelea. Ukifunga kosa, ukifungua kosa! Shida yao haijawahi kuwa mlango. Wanachokataa ni wewe kujiamulia.

Sasa tuje kwetu, na hapa nitawaudhi wengine. Hiyo kafiya unayopigia picha imefumwa wapi? Al-Khalil kuna kiwanda cha Hirbawi, kinafuma kafiya tangu 1961, na nusura kife kwa sababu ya zile za bei rahisi kutoka China. Tunalia na mwenye duka mtandaoni, kisha pesa tunampelekea aliyemfilisi.

Igeuze sasa hivi, soma lebo.