Mfanyabiashara wa Kiomboi, pima kasi kabla ya kulipa
Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, tuliambiwa intaneti itashuka bei. Imeshuka, lakini mkulima wa alizeti hapa Iramba hanunui mkongo. Ananunua mawimbi ya mnara. Na mawimbi hayo hugawanywa kwa wote wanaotumia mnara huo. Jioni, watu wakirudi nyumbani, kasi hupungua.

Kwa hiyo ndugu msomaji, usilipie kifaa kwa maneno ya wakala. Fedha hiyo ni mbegu ya msimu ujao! Mwambie akiwashe dukani kwako saa 2 usiku, umpigie kwa video mnunuzi wako wa Singida mjini na kumwonyesha magunia. Picha ikiganda, mrudishie kifaa chake. Umeme ukikatika je? Muulize kama kina betri.