Mfalme na Beseni

Sokoni Mpondwe, hapa Bwera, magharibi mwa Uganda, kuna utani usiochakaa. Likitajwa jina la Charles Wesley Mumbere, Omusinga (yaani mfalme) wa Rwenzururu, hukosi mtu wa kutupa neno: “Mfalme gani huyo, aliyewaosha wazee Marekani?” Watu hucheka. Wafuasi wake hununa, kisha hubadili mazungumzo upesi kama walioguswa kidonda.

Nawapinga wote, wanaocheka na wanaonuna. Imani yao ni moja: mfalme akishika beseni la kumwogeshea mgonjwa, ufalme umemtoka.

Isaya Mukirane, mwalimu, alitangaza uhuru wa Rwenzururu tarehe 30 Juni 1962, Wakonzo na Waamba wakiwa wamechoka kudharauliwa ndani ya ufalme wa Toro. Mukirane alipofariki mwaka 1966, mwanawe Mumbere alirithi kiti chake huko huko katika milima ya Rwenzori, akiwa bado mtoto. Agosti 1982 akateremka, silaha za wapiganaji wake zikakabidhiwa serikali ya Rais Obote. Mwaka 1984 akaenda Marekani kwa ufadhili wa serikali. Mwaka uliofuata Obote akapinduliwa, na ufadhili nao ukakatika. Angefanyaje? Alifanya kyeyo, vibarua vya ugenini, kama watoto wetu wengine walio ughaibuni: akasomea uhudumu wa wagonjwa, akawalea wazee wa watu kwa miaka mingi, mwishowe katika jiji la Harrisburg, Pennsylvania. Siri yake kwamba ni mfalme aliitoa kwa gazeti la huko mwaka 2009, miezi michache kabla ya kutawazwa rasmi Kasese tarehe 19 Oktoba.

Msomaji wa Mahabharata, utenzi wa kale wa Wahindu, hashtuki na mfalme mtumishi. Yudhishthira, mfalme anayesifiwa na Wahindu kwa uadilifu, tunaambiwa zaidi habari za ukweli wake. Haisimuliwi sana kwamba mwaka wa 13 wa uhamisho alijificha kwa mfalme Virata, akajiita Kanka, kazi yake kumburudisha bwana wake kwa mchezo wa dadu. Nduguye Bhima alikuwa mpishi. Mke wao Draupadi alimsuka nywele malkia. Siku moja Virata alikasirika akamtupia dadu usoni. Damu ikamtoka puani, Draupadi akaikinga kwa chombo isidondoke, naye Yudhishthira hakulipiza. (Malaika hakuwa, ni yeye aliyeupoteza ufalme wake kwa kamari.) Sijasikia Mhindu akisema kwamba utumishi ule ulimvua taji.

Sisi je? Pita wodini katika hospitali ya Kilembe alfajiri. Binti amemwegemeza mama yake begani, anamkanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, beseni liko chini ya kitanda. Hakuna anayemcheka. Tunasema ana baraka. Baraka hiyo inageukaje aibu ikifanywa na Omusinga, tena kwa wazee wasio hata jamaa zake?

Mwenye hoja nyingine dhidi ya Mumbere aitoe. Novemba 2016 jeshi lilivamia ikulu yake mjini Kasese, watu zaidi ya 100 wakafa. Yeye akashtakiwa, na mashtaka yakafutwa Juni 2023. Hapo pana mjadala mzito. Kwenye beseni hakuna mjadala.

Basi, wazee wa Rwenzururu, mnapowasimulia vijana habari za Omusinga, msiruke kutoka 1984 mpaka 2009.