Hesabu za Tope la Dhahabu

Kila inapoulizwa kwa nini wanawake ni wachache katika idara za uhandisi za migodi ya Geita na Shinyanga, jibu huwa lilelile: wenye sifa hawapatikani. Jibu hilo hulichukulia tatizo kama maumbile, ilhali ni matokeo ya maamuzi.

Tumtazame Profesa Verdiana Masanja, mwanahisabati mwenye asili ya Bukoba. Alisoma Jangwani, akapata shahada ya kwanza ya hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, kisha uzamili, na hatimaye huko Berlin akawa Mtanzania wa kwanza mwanamke kutunukiwa uzamivu wa hisabati. Alichunguza mwendo, ndani ya bomba la mviringo, wa vimiminika visivyotiririka kama maji. Aliyewahi kufika kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu atalitambua tatizo la jamii hiyo. Mwamba husagwa, huchanganywa na maji, na tope lake husukumwa kwa mabomba hadi kwenye matangi na mwishowe bwawa la marudio. Likienda polepole mno, mchanga hutuama na bomba huziba. Likienda kasi mno, kuta za bomba huliwa.

Hakuridhika na kuwa wa kwanza. Aliiratibu nchini FEMSA, mradi wa Afrika wa elimu ya hisabati na sayansi kwa wasichana, akaelekeza jicho shuleni, kabla ya chuo kikuu. Naona hapo ndipo alipotuzidi wengi wetu tunaopenda makongamano.

Katika machimbo madogo mwanamke huponda mawe, huosha mchanga, huuza chakula. Na bado wapo wanaoamini kwamba akishuka duarani dhahabu hupotea. Binti anayekulia hapo huingia kidato cha tatu, darasa ambalo mwanafunzi huruhusiwa kuiacha fizikia. Shule haina maabara, mwalimu wa somo ni mmoja au hayupo, anaiacha. Mhandisi tumempoteza akiwa na umri wa miaka kumi na sita, na miaka kumi baadaye ofisi ya ajira inatuambia hapatikani.

Sheria ya Madini, tangu marekebisho ya 2017, humtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri. Kwa hiyo fedha hizi haziamuliwi na kampuni peke yake. Mpango ujao ukifika mezani Geita au Msalala, kabla ya kuupitisha, ofisa elimu na madiwani waulize ni maabara ngapi zimo, ni walimu wangapi wa fizikia watajengewa nyumba, na ni wasichana wangapi wa halmashauri hiyo waliofanya mtihani wa fizikia wa kidato cha nne mwaka jana. Takwimu hiyo ya mwisho ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kando ya mapato ya dhahabu.