Mwenye Kumeza Dawa ya Akili Si Mlevi



Katika lugha yetu neno "dawa" limebebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Kidonge cha malaria ni dawa. Unga unaouzwa vichochoroni nao huitwa "dawa za kulevya". Na kidonge anachopewa mgonjwa wa akili pale hospitali ya Port Reitz nacho ni dawa. Kwa kuwa neno ni moja, wengi wetu hudhani mambo nayo ni mamoja. Mtu akionekana anameza kidonge wakati wa chai, wenziwe hunong'onezana, "Huyu anatumia dawa." Kabla mwezi haujaisha neno limefika kwa mnyapara, na mnyapara amelifikisha ofisini. Lakini yule ambaye shavu lake limejaa muguka tangu saa mbili za usiku hasemwi. Huyo huitwa mchapa kazi.

Maoni yangu ni kwamba tumeyapindua mambo. Tunamwogopa anayejitibu na tunamsifu anayejiumiza. Wako watu wanaopoteza kazi kwa ajili ya kosa hili. Wako wengine wanaoacha dawa kwa siri ili wasipoteze kazi, kisha wanaanguka. Mimi si daktari. Mimi ni mtu wa reli, na shule yangu ni ya msingi, ya misheni. Lakini mambo haya yanaelezeka kwa maneno ya kawaida, na mfanyakazi ana haki ya kuyajua.

UBONGO HUFANYAJE KAZI

Fikiri njia ndefu ya reli yenye stesheni nyingi. Hizo ndizo chembe za ubongo. Stesheni moja haigusani na ya pili. Katikati ipo nafasi ndogo mno isiyoonekana kwa macho. Ili habari ivuke, stesheni ya kwanza hutoa kemikali, na ya pili huipokea. Kemikali nyingine husema "Nenda", nyingine husema "Simama". Iko moja iitwayo dopamini, ambayo huhusika na raha, hamu na mwendo wa viungo.

Vileo vingi na dawa nyingi za akili hufanya kazi yake hapo hapo penye nafasi. Ama huzidisha ujumbe, ama huupunguza, ama hujifanya mjumbe wa kweli na kumbe si yeye. Basi hakuna kinachoingia kichwani kisichokuwa na nguvu, kiwe cha duka la dawa au cha kichochoroni. Tofauti iko katika mambo matatu: kiasi gani, kwa kusudi gani, na nani anayekuangalia.

MIRAA NA MUGUKA

Tuanze na jani tunalolijua wote. Ndani ya miraa na muguka mna kemikali iitwayo katinoni, ndugu wa karibu wa vidonge vya kukesha viitwavyo amfetamini. Katinoni huharibika upesi jani likinyauka, na ndiyo sababu miraa hufungwa katika majani ya mgomba na magari yake hukimbia kama yanafukuzwa. Ikiingia mwilini husukuma dopamini nyingi itoke kwa mara moja. Moyo huenda mbio, presha ya damu hupanda, njaa hupotea, usingizi hukimbia, na mtu hujiona ana nguvu za watu wawili.

Lakini uchovu haukuondoka, ndugu zangu. Umefunikwa tu. Ni kama dereva aliyeona mshale wa joto la injini umepanda, akaufunika kwa kitambaa. Joto liko pale pale. Alfajiri jani likiisha nguvu, mtu hubaki na hasira, huzuni na kichwa kizito. Hali hiyo ikiendelea mwaka baada ya mwaka, kwa kutafuna kwingi na kulala kuchache, wengine huanza kusikia sauti na kudhani wanafuatwa.

Mnakumbuka mwezi wa Mei 2024. Gavana wa Mombasa, Bw. Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka katika kaunti hii. Kilifi na Taita Taveta nazo zikafuata. Wakulima wa Embu wakalalamika kwamba wananyang'anywa riziki, mahakama ikasimamisha amri, na Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu ya sheria. Wakubwa walibishana juu ya mkulima na juu ya mfanyabiashara. Sikusikia mmoja wao akiuliza kwa nini dereva wa lori pale Changamwe hutafuna, au mlinzi, au kuli, au mtu anayegeuza njia za reli usiku wa manane. Hutafuna kwa sababu zamu ni ndefu na watu ni wachache. Mwajiri anayepanga zamu ya saa 12 usiku, siku mfululizo, ndiye mnunuzi mkubwa wa muguka, ijapokuwa hatoi senti yake mfukoni.

POMBE, BANGI, BUGIZI NA UNGA

Haya nitayapitia upesi. Pombe, iwe ya chupa au mnazi au chang'aa, huzidisha ujumbe wa "Simama". Macho huchelewa, mkono huchelewa, na mtu mwenyewe ndiye wa mwisho kujua kwamba amechelewa. Wengi hawajui jambo hili: aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupatwa na degedege, hata kufa. Mtu wa namna hiyo apelekwe kwa daktari, asifungiwe nyumbani.

Bangi hupotosha hesabu ya muda na umbali na kudhoofisha kumbukumbu. Anayeanza kuivuta kwa wingi angali kijana huongeza hatari ya kuugua akili. Bugizi ni vidonge vya jamii ya diazepamu. Vilitengenezwa kwa ajili ya hospitali, kisha vikashuka mitaani. Mtu huvimeza akatenda mambo asiyoyakumbuka kesho yake, na akichanganya na pombe huweza kulala asiamke. Bugizi yatufundisha kwamba kitu kile kile ni dawa mkononi mwa daktari na ni sumu mkononi mwa mchuuzi.

Unga, yaani heroini, umezika vijana wengi wa Kisauni, Likoni na Mji wa Kale. Mwili wetu una kemikali yake yenyewe ya kutuliza maumivu. Unga hujipachika mahali pa kemikali hiyo, na baada ya muda mwili huacha kujitegemea. Ndipo inapokuja arosto: mifupa kuuma, kutapika, kuhara, kutokwa jasho. Anayezidisha hufa kwa sababu ubongo husahau kuamuru pumzi.

Sasa tazameni neno "dawa" linavyogeuka. Tanzania ilianza kutoa methadoni pale Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, ikafuata Malindi 2015, na sasa hutolewa hata hapa Kisauni. Methadoni hukaa mahali pale pale panapokaliwa na unga, lakini hupanda polepole na kushuka polepole. Mtu huinywa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi, arosto haimshiki, na anaweza kwenda kazini kama mtu mwingine. Wapo wanaowacheka, "Ameacha unga akashika unga wa serikali." Hayo ni maneno ya ujinga. Anayekunywa kipimo chake kliniki hatafuti ulevi. Anatafuta siku ya kawaida.

DAWA ZA WAGONJWA WA AKILI

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, na kwa zaidi ya miaka 40 ya mwanzo hakukuwako popote duniani dawa ya kutuliza sauti katika kichwa cha mtu. Palikuwa na kufuli na kuta. Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia alionyesha kwamba chumvi ya lithiamu humtuliza mgonjwa wa wazimu wa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 madaktari wa Paris, Jean Delay na Pierre Deniker, walitangaza kazi ya klopromazini, ambayo watu wengi waliijua kwa jina la Largactil. Tangu hapo mgonjwa aliyekuwa wa kufungwa minyororo aliweza kurudi nyumbani, na wengi walirudi kazini.

Klopromazini na haloperidoli hupunguza nguvu ya dopamini. Ndiyo maana sauti hunyamaza. Na ndiyo maana vilevile mikono huweza kutetemeka, shingo kukakamaa, miguu kukosa kutulia. Dawa za huzuni kuu, kama amitriptilini na fluoksetini, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, na katika siku hizo za mwanzo mtu huona mdomo mkavu, usingizi au kichefuchefu kabla ya kuona nafuu. Wengi huziacha hapo, wakisema hazifai.

Hapa nataka watu wa gengi, wanaoshinda juani wakitengeneza njia, wanisikilize. Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi na hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Lithiamu ni hatari zaidi kwa joto letu la Pwani. Mtu akitokwa jasho jingi bila kunywa maji ya kutosha, lithiamu hujaa katika damu. Vidonge vya maumivu ya mgongo kama diklofenaki na ibuprofeni huijaza zaidi. Ndipo mtu hutapika, hutetemeka na kupepesuka kama mlevi, hali hajaonja tone. Mnyapara akimwona humfukuza, kumbe alipaswa kumkimbiza hospitali.

Na anayetumia dawa ya kupunguza dopamini kisha akatafuna miraa inayoizidisha, huyo amefunga injini mbili zinazovutana, moja mbele na moja nyuma.

Namjua mwenzetu mmoja. Jina nalificha, na mwajiri wake pia. Alikuwa akimeza vidonge vyake jioni, analala, asubuhi anafanya kazi vizuri. Wakamhamishia zamu ya usiku. Akaomba abaki mchana, akaambiwa hakuna kazi ya kuchagua. Akaogopa kusema sababu. Ili asisinzie kazini akaacha vidonge. Wiki chache baadaye maradhi yalirudi, akafutwa kwa "utovu wa nidhamu". Hapakuwa na ulevi wala uvivu katika habari hiyo. Palikuwa na ratiba ya zamu na hofu.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 44, humruhusu mwajiri kumfukuza mara moja aliyelewa saa za kazi hata akashindwa kazi yake. Siipingi. Treni yenye mizigo haisimami kwa kuombwa, na anayelewa yadini huhatarisha mikono na miguu ya wengine. Chama kisitetee ulevi kazini.

Lakini sheria hiyo hiyo, kifungu cha 30, humpa aliyetimiza miezi 2 ya kazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Haikusema ugonjwa wa mwili peke yake. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 27, imekataza kumbagua mtu kwa sababu ya hali ya afya yake au ulemavu.

TUDAI NINI

Naomba mambo haya yaletwe katika mkutano wa tawi na yatiwe katika mapatano yetu na waajiri:

1. Mfanyakazi mwenye cheti cha daktari abadilishiwe zamu au kazi kwa muda unaohitajika, bila kukatwa mshahara wala cheo. Anayesinzia kwa dawa mpya asiwekwe kwenye injini wala kwenye njia. Apewe kazi nyingine mpaka mwili uizoee.

2. Cheti hicho kisomwe na muuguzi wa kazini au ofisa mmoja aliyeapa kutunza siri, kisitembee mezani kwa kila karani.

3. Anayekunywa methadoni apewe nafasi ya kufika kliniki kila siku. Zamu isipangwe ili kumkosesha.

4. Mkojo ukipimwa, mtu aulizwe kwanza dawa anazotumia kwa amri ya daktari. Bidhaa ya hospitali isihesabiwe ulevi.

5. Zamu za usiku zipunguzwe urefu na watu waongezwe. Bila hilo, makatazo yote ya muguka ni kelele.

Kwa upande wetu, anayemeza dawa asiiache ghafla. Ikimsumbua, arudi kwa aliyempa, aseme wazi kazi yake ni ipi na zamu yake ni ipi, maana daktari hawezi kujua kwamba wewe hupanda injini saa nane za usiku usipomwambia. Anayekwenda kwa mganga au kwa maombi na aende, lakini asitupe vidonge njiani. Na sisi wengine tuache kunong'ona.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo tumezoea kumpigia mgonjwa. Lakini mtu hafichi maradhi bure. Huficha kwa sababu ameona yaliyompata aliyesema. Tukimhakikishia kwamba akisema atabaki na kazi yake, atasema, naye atatibiwa mapema, na anayefanya kazi ubavuni pake atakuwa salama zaidi.

Mfanyakazi wa Reli,
Changamwe