Fuateni chupa mpaka kwa aliyeiokota

Siku hizi kampuni ya taka ikiomba kandarasi huambatanisha karatasi inayosema haiajiri watoto wala haitumii kazi ya shuruti. Nimezisoma nyingi katika miaka niliyokuwa karani, kwanza wa mizani, baadaye wa malipo, kwenye yadi za plastiki jijini Dar es Salaam. Kwa watu waliomo kwenye orodha ya mishahara karatasi hizo husema kweli. Dereva wa lori ana mkataba, fundi ana mkataba, mlinzi ana mkataba. Lakini mzigo wa yadi hauletwi na watu wa kwenye orodha.

Chukua chupa moja ya maji iliyotupwa Kariakoo. Inaokotwa na kijana mwenye kiroba, anaipeleka kwa mnunuzi mdogo mwenye kibanda na mizani ya kuning'iniza. Huyo anang'oa vifuniko, anatenga nyeupe na za rangi, anajaza guta na kuuza kwenye yadi. Yadi inabana marobota au inasaga chengachenga na kupeleka kiwandani. Kiwanda kinamjua mwenye yadi, mwenye yadi anamjua mwenye kibanda. Kijana wa kiroba anajulikana na mwenye kibanda peke yake, na hapo ndipo mtu anapoweza kufanywa mtumwa bila karatasi yoyote kumtaja.

Inavyokuwa ni hivi. Kijana ametoka mkoani, hana ndugu mjini. Mwenye kibanda anampa pa kulala, viroba, na hela ya kula ya siku za mwanzo. Yote yanaingia kwenye daftari. Baada ya hapo kilo zake zinanunuliwa kwa bei ya chini kuliko za mwenzake asiyedaiwa, halafu anakatwa ya kulala, ya viroba, hata ya maji ya kuoga. Mvua zikishika wiki nzima mzigo haupatikani na deni linapanda. Akiugua, dawa nayo inaandikwa. Kitambulisho chake cha NIDA, kama anacho, anakitunza bosi. Akithubutu kupeleka mzigo kwa mnunuzi mwingine anaitwa mwizi, na tunajua sote neno hilo likipigiwa kelele mtaani linamfanya nini kijana mchafu asiye na wa kumtetea. Hahitaji kufungiwa mlango.

Mmoja wa vijana hao nilimzoea, maana alikuja kushusha mizigo kwetu mara kwa mara na alikuwa mchapakazi kweli. Siku moja, alipokwisha kuniamkia, nikamuuliza:

"Mwanangu, mbona hela yako anaipokea bosi wako?"

"Ananitunzia, mama. Deni likiisha atanipa zote."

"Unadaiwa shilingi ngapi?"

"Anajua yeye."

Mtu asiyejua anadaiwa kiasi gani hawezi kulimaliza deni lake hata aokote chupa za mji mzima. Kiasi kinaishi kichwani mwa mdai, na mdai hana haraka.

Nikilisema hili naambiwa kwamba huyo ni mfanyabiashara mdogo, anauza chupa, hajaajiriwa na mtu. Naikataa hoja hiyo, na sheria zetu nazo zinaikataa. Katiba, ibara ya 25, inakataza kazi ya shuruti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaifanya kuwa kosa la jinai. Tena Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huohuo, inasema mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyotajwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anamtegemea kiuchumi yule anayemfanyia kazi, amepewa naye vitendea kazi, au anamfanyia kazi yeye peke yake. Kijana wangu alikuwa nayo yote manne. Kumwandika "muuzaji" kwenye daftari hakumwondolei haki hata moja.

Wala tusidhani haya ni ya nchi maskini tu. Mwaka 2019 zilimalizika Uingereza, mjini Birmingham, kesi za mtandao uliokuwa ukiwaleta watu kutoka Poland, wengi wao wasio na makazi, waliotoka gerezani au walevi, kwa ahadi ya mshahara mzuri. Polisi walikadiria waathirika kuwa zaidi ya 400, na watu wanane walifungwa. Waathirika walifanya kazi mashambani, viwandani, na kwenye vituo vya kuchambua taka. Waliletwa kazini kupitia mawakala wa ajira, mishahara ikalipwa. Ila iliingia kwenye akaunti za benki ambazo kadi zake zilikuwa mikononi mwa wahalifu. Sheria ya Uingereza ya 2015 inazitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi zitoe taarifa kila mwaka kuhusu utumwa katika kazi zao na kwa wauzaji wao, lakini inaruhusu kampuni iandike kwamba haijachukua hatua yoyote. Taarifa ya namna hiyo haiwezi kumwokoa mtu. Karani wa malipo angeweza, kwa kuona wafanyakazi wengi wana anwani moja na namba moja ya simu, akauliza kwa nini.

Ndiyo maana nataka kampuni zetu zianzie kwenye malipo. Hela ya mwokotaji iende kwenye simu yake, kwa jina lake. Wenye yadi watasema wengi hawana laini, na ni kweli: laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, asiye na namba hiyo hutumia laini ya bosi. Basi kampuni igharamie nauli na siku ya kumpeleka akajiandikishe, na hadi hapo alipwe taslimu mkononi, mbele ya shahidi asiye bosi wake. Namba moja ikipokea hela za watu kumi, malipo yasimame mpaka kila mmoja aonekane. Bei ya kilo iandikwe ubaoni. Mizani iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo, na ielekezwe upande wa anayeuza.

Kiwanda nacho kijitazame kinapobana bei. Kila shilingi inayoshushwa juu inakamuliwa chini, na mwenye kibanda, ambaye mara nyingi aliwahi kuwa mwokotaji, atamkamua wa mwisho kwa kuwa hana mwingine.

Kuna kosa moja ninaloliogopa zaidi. Kampuni ikigundua uchafu kwenye kibanda, njia rahisi ni kuacha kununua hapo na kuandika kwamba tatizo limekwisha. Kijana anabaki na deni lilelile na sasa hana hata soko. Kampuni iliyofaidika na mzigo wake ibaki pale mpaka deni lifutwe, kitambulisho kirudishwe, na alipwe alichopunjwa.

Halmashauri zinazotoa zabuni za kuzoa taka ziingize haya kwenye mkataba: kampuni itaje kila kibanda inakonunua, na afisa kazi aruhusiwe kufika bila taarifa. Afike alfajiri, kabla magari hayajaanza kuingia. Awaulize vijana, bosi akiwa mbali, wanalala wapi na vitambulisho vyao viko kwa nani. Na aje na afisa ustawi wa jamii mwenye mahali pa kuwapeleka, maana kijana atakayemjibu ukweli hataweza kulala tena pale usiku huo.