Haja Kwanza, Mtambo Baadaye

Kariakoo, katika Wilaya ya Ilala, imepata jina lake kwa wabeba mizigo. Majeshi ya Waingereza yalipouteka mji wa Dar es Salaam mwaka 1916, hapo ndipo palipowekwa kambi ya kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Maelfu ya Waafrika walibebeshwa vyakula na risasi katika vita ile, na wengi wao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Hakuna aliyewauliza njia ikoje wala mzigo una uzito gani. Waliamriwa tu kuinua na kwenda.

Leo mzigo wa Kariakoo wasafiri vingine. Makontena yatoka bandarini, bidhaa zagawanywa madukani, kisha zafungwa upya kwenda mikoani na hata Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Wenye magari na mawakala wa mizigo wameanza kutafuta programu za kompyuta za kusimamia kazi hiyo: gari gani limebeba nini, limefika wapi, nani amelipa na nani anadaiwa. Sisi twaliunga mkono jambo hili. Daftari likilowa mvua au likipotea, haki ya mtu hupotea pamoja nalo.

Lakini twaona hatari moja, nayo ni ya kuchagua mtambo kabla ya kujua haja. Muuzaji huja na picha nzuri na maneno matamu, mwenye kampuni akavutiwa, fedha zikalipwa. Ndipo watu waanze kuulizana kitu kile ni cha kazi gani.

Nchi yetu imekwisha kuliona kosa hili kwa macho yake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga hapa Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Lakini udongo wa Kongwa hukauka wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, na mvua yake si ya kutegemewa, jambo ambalo mkulima wa Kigogo angeweza kulieleza bila malipo. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na mamilioni ya pauni yakawa yamekwisha teketea. Hata reli iliyojengwa kusini kwa ajili ya karanga hizo ilikosa mzigo, mwisho ikang'olewa. Mashine zilitangulia, maswali yakafuata nyuma.

Basi mfanyabiashara wa Kariakoo ajiulize kwanza kazi yake ikoje. Programu iliyotungwa kwa ajili ya kampuni ya Ulaya yenye ghala moja na mteja mmojammoja yaweza kuwa nzuri sana huko kwao. Lakini hapa kontena moja huweza kuwa na bidhaa za watu ishirini, kila mmoja na alama yake juu ya furushi. Je, programu yaweza kuwatenganisha? Malipo huja kwa shilingi taslimu na kwa simu ya mkononi. Je, yatayapokea yote? Dereva aendaye Tunduma husafiri zaidi ya kilomita 900, na pengine hupita mahali pasipo intaneti. Je, kumbukumbu zake zitangoja salama mpaka mtandao urudi? Na karani ataisoma kwa Kiswahili?

Sheria nazo zina haja zake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka tani 56 kuwa kikomo cha gari pamoja na mzigo wake, na kila ekseli ina kipimo chake. Programu isiyojua hesabu hiyo itampakilia dereva mzigo wa kumtia matatani kwenye mizani. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka mwenye kukusanya majina na namba za simu za wateja azihifadhi kwa uangalifu. Haifai kuuliza habari hizo baada ya kutia sahihi mkataba.

Majibu ya maswali haya hayapatikani katika ofisi ya mwenye mali peke yake. Karani ajua hati ipi huchelewesha gari. Dereva ajua mahali anaposimama usiku kucha akingoja. Kuli ajua furushi lipi hupotea na hupotea vipi. Watu hawa wasipoulizwa, programu itakataa kazi yao, nao watarudia daftari kwa siri. Kisha hesabu mbili zitakapogongana, ni wao watakaoitwa wezi au wajinga. Na mama wa mkoani aliyetuma fedha za akiba yake kununua vitenge atangoja mzigo ambao mtambo wasema umekwisha fika.

Twashauri, basi, haja zote ziandikwe kwenye karatasi kabla ya kumwita muuzaji. Zipangwe: zipi ni za lazima, zipi zafaa, zipi zaweza kungoja. Kisha muuzaji atakiwe kuonyesha kazi kwa mizigo halisi ya wiki moja ya kampuni yenyewe, si kwa mifano aliyokuja nayo. Na mkataba useme wazi kumbukumbu ni mali ya nani siku watakapoachana.

Mwalimu Nyerere aliwafundisha wajumbe wa TANU mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua. Nasi twaongeza kwamba asiyejua haja yake hachagui, bali huchaguliwa na muuzaji. Wapagazi walioipa Kariakoo jina lake walibeba mizigo bila kuulizwa neno. Itakuwa aibu kwetu ikiwa warithi wa kazi yao, makuli, makarani na madereva wa leo, watatwikwa mtambo kwa namna ileile.